Mabishano ya Maneno katika Mchezo wa Nomic: Funzo kwa Kiswahili cha Sheria

1.0 Utangulizi

Katika michezo mingi inayojulikana, kanuni hutangulia na uchezaji hufuata. Wachezaji wa bao hawapigi kura katikati ya mchezo ili kuamua kama mtaji uendelee kuwa mtaji. Wanaweza kuzozana kuhusu kete iliyoangushwa katika shimo lisilo lake, lakini mzozo huo ni juu ya kitendo cha mchezaji, si juu ya kanuni yenyewe. Mwaka 1982, mwanafalsafa wa Marekani Peter Suber, wa Chuo cha Earlham katika jimbo la Indiana, alibuni mchezo ulio kinyume kabisa cha hali hiyo. Katika mchezo huo, uitwao Nomic, kubadili kanuni ndiyo hatua yenyewe ya kucheza. Mchezo ulitangazwa mwezi Juni 1982 katika safu ya Douglas Hofstadter ya jarida la Scientific American, kisha ukatolewa kama nyongeza ya kitabu cha Suber kiitwacho The Paradox of Self-Amendment, kilichochapishwa mwaka 1990. Jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya sheria.

Kwa kawaida Nomic hujadiliwa kama fumbo la kimantiki na kisheria. Makala haya yanadai kwamba, kabla ya kuwa hayo yote, Nomic ni suala la lugha. Wachezaji hawana ubao, kete wala uwanja. Wana maneno tu. Kwa hiyo mabishano yao kuhusu maana ya maneno si kero inayochelewesha mchezo, bali ndiyo njia ambayo kwayo maneno hupata nguvu ya sheria. Dai hili lina uzito kwa wataalamu wa Kiswahili, kwa kuwa bado wapo wanaoamini kwamba lugha hii haina budi kwanza kukamilishwa istilahi zake ndipo iaminiwe kubeba sheria. Mchezo wa Nomic unaonyesha kwamba imani hiyo imegeuza mambo: imeweka mwisho mahali pa mwanzo.

2.0 Muundo wa Mchezo

Kanuni za mwanzo ni 29, nazo zimegawanywa katika makundi mawili. Kanuni 16, zilizopewa nambari 101 hadi 116, huitwa zisizobadilika. Kanuni 13, nambari 201 hadi 213, huitwa zinazobadilika. Kila mchezaji katika zamu yake hupendekeza badiliko moja la kanuni, hulipigia kura pamoja na wenzake, kisha hurusha dadu na kujiongezea pointi kulingana na nambari iliyotokea. Anayetangulia kufikisha pointi 100 ndiye mshindi, isipokuwa kama sharti hilo nalo limekwisha kubadilishwa.

Majina ya makundi hayo mawili yasimdanganye msomaji. Kanuni zisizobadilika zinaweza kubadilika, lakini kwa hatua mbili: kwanza kanuni ihamishwe kutoka kundi la kwanza kwenda la pili kwa kura ya wachezaji wote bila kuwapo anayepinga, kisha ndipo irekebishwe kama kanuni nyingine. Hali kadhalika, kanuni ya 203 inadai kwamba badiliko lolote likubaliwe kwa kauli moja, lakini inaeleza papo hapo kwamba, ikiwa haikurekebishwa hadi mwisho wa mzunguko wa pili wa zamu, itajigeuza yenyewe na kudai wingi wa kura tu. Hapa kuna kanuni inayobadilika bila mtu yeyote kuipigia kura. Kanuni ya 115 inakwenda mbali zaidi: inaruhusu hata badiliko linalofuta mamlaka lililotumia kupitishwa.

Suala hili lilikuwa limewasumbua wanafalsafa wa sheria kabla ya mchezo huu kubuniwa. Mwanasheria wa Denmark Alf Ross, katika makala yake ya mwaka 1969, alishikilia kwamba kifungu kinachoweka utaratibu wa kubadili katiba hakiwezi kimantiki kutumika kujibadili chenyewe. Suber alipinga kwa kuonyesha kwamba sheria hufanya jambo hilo na maisha yakaendelea. Kwa maoni yake, uhalali wa badiliko hautokani na mantiki peke yake, bali pia na kukubaliwa na kuzoewa na wale wanaoishi chini yake. Kauli hiyo inaweza kusemwa juu ya lugha pia, kwani neno nalo hupata maana yake kwa kukubaliwa na kuzoewa na wale wanaolitumia.

3.0 Kanuni Hazijifasiri Zenyewe

Swali la msingi ni hili: wachezaji wakitofautiana kuhusu maana ya kanuni, nani anaamua? Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuongeza kanuni ya tafsiri. Lakini kanuni ya tafsiri nayo ni maneno, na maneno yake yatahitaji kufasiriwa. Ikiongezwa ya tatu ya kufasiri ya pili, tatizo limesogezwa mbele tu, halijaondolewa.

Suber alilitambua hilo. Hakujaribu kuandika kanuni zisizo na utata. Badala yake aliweka mwamuzi. Kwa mujibu wa kanuni ya 212, wachezaji wakipingana kuhusu uhalali wa hatua au maana ya kanuni, mchezaji aliyetangulia kabla ya mwenye zamu huwa mwamuzi. Uamuzi wake hutenguliwa tu ikiwa wachezaji wengine wote, kwa kauli moja, wameukataa kabla ya zamu inayofuata. Hata swali la kama yeye ni mwamuzi halali huamuliwa na yeye mwenyewe. Pale ambapo kanuni ziko kimya, zinapingana au hazieleweki, anatakiwa kwanza kuangalia desturi ya mchezo na moyo wa mchezo kabla ya kutumia kigezo kingine chochote.

Maneno hayo mawili, desturi na moyo, ni ya kuzingatiwa sana. Hayakufafanuliwa popote katika kanuni 29, wala hayawezi kufafanuliwa, kwa sababu desturi haipo kabla wachezaji hawajacheza. Mchezo ulioandikwa kwa uangalifu mkubwa namna hiyo umeegemea, katika kiungo chake muhimu kuliko vyote, juu ya kitu kisichoandikwa.

H. L. A. Hart aligusa jambo la jinsi hiyo mwaka 1958 alipotoa mfano wa kanuni inayokataza vyombo vya usafiri kuingia katika bustani ya umma. Gari limekatazwa bila shaka. Je, baiskeli? Viatu vya magurudumu? Gari la kuchezea mtoto? Hart aliona kwamba kila neno lina kiini ambacho watu wote wanakubaliana nacho, na ukingo ambako maana inafifia. Mfano huo unaongezeka utamu ukitiwa katika Kiswahili. Mtunga kanuni akiandika magari, baiskeli na pikipiki zimepita. Akiandika vyombo vya moto, pikipiki imezuiwa lakini baiskeli na mkokoteni vimepita. Akiandika vyombo vya usafiri, hata kiti cha magurudumu cha mtu mwenye ulemavu kinatiliwa shaka. Hakuna istilahi kati ya hizo iliyo sahihi kuliko nyingine hadi ijulikane kanuni ilikusudia kuzuia nini: kelele, hatari au uharibifu wa nyasi. Tatizo, kwa hiyo, si uhaba wa maneno. Maneno matatu yapo, na bado mwamuzi anahitajika.

4.0 Kiswahili Mbele ya Kanuni za Nomic

Njia nzuri ya kupima dai hili ni kujiuliza kanuni za Nomic zingekuwaje zikiandikwa kwa Kiswahili. Jaribio hilo linafichua mambo manne.

La kwanza ni kitenzi -weza. Kanuni inayosema mchezaji hawezi kupiga kura mara mbili katika pendekezo moja ina maana mbili zilizo mbali. Kwa maana moja, kura ya pili haipo kabisa. Hata akiinyosha mikono yote miwili, ni kura moja tu iliyohesabiwa. Kwa maana nyingine, kura ya pili inawezekana na imehesabiwa, ila mpigaji amevunja kanuni na anastahili adhabu. Katika pendekezo linaloshinda kwa kura moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kuna kanuni mpya au hakuna. Kiswahili kinayo njia ya kuzitenganisha: kura ya pili ni batili, kwa upande mmoja, mchezaji haruhusiwi kupiga kura ya pili, kwa upande mwingine. Wala tatizo hili si la Kiswahili peke yake. Agora, mchezo wa jamii ya Nomic ulioanzishwa mwaka 1993 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 30, unaandikwa kwa Kiingereza; wachezaji wake walilazimika kuweka kanuni maalumu inayotenganisha neno la uwezekano na neno la ruhusa, kwa kuwa lugha yao ya kila siku huyachanganya.

La pili ni ukanushi pamoja na neno -ote. Mradi kanuni ya 203 inadai kauli moja, taarifa kwamba wachezaji wote hawakukubali ni taarifa ya hatari. Kwa msikilizaji mmoja hakuna hata mchezaji mmoja aliyekubali. Kwa mwingine, wapo waliokubali, ila si wote. Mwandishi makini ataandika si wachezaji wote waliokubali, au hakuna mchezaji aliyekubali, kulingana na ukweli. Vivyo hivyo, si lazima mchezaji apige kura ni jambo tofauti kabisa na ni lazima mchezaji asipige kura, ingawa maneno ni karibu yale yale na kilichohama ni mahali pa ukanushi.

La tatu ni upatanisho wa kisarufi. Hapa Kiswahili kina silaha ambayo Kiingereza hakina. Kanuni ya 206 humnyang'anya pointi 10 mchezaji ambaye badiliko alilopendekeza limekataliwa. Mwandishi akisema pendekezo la kanuni lililokataliwa, kila msomaji anajua kwamba kilichokataliwa ni pendekezo. Akisema pendekezo la kanuni iliyokataliwa, kila msomaji anajua kwamba kilichokataliwa ni kanuni, na pendekezo lenyewe huenda bado liko hai. Silabi moja imefanya kazi ambayo lugha nyingine ingehitaji sentensi nzima. Lakini silaha hiyo hukosa makali pale nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja. Katika kura ya kanuni iliyobatilishwa, kiambishi hakisemi kama kilichobatilishwa ni kura au ni kanuni, kwani zote mbili hupatanishwa kwa namna moja. Dawa ni kupanga maneno upya: kura iliyobatilishwa ya kanuni. Aidha, nomino kanuni haibadiliki katika wingi. Ni upatanisho peke yake unaoonyesha kama imefutwa kanuni moja au zimefutwa kadhaa. Mwandishi wa sheria kwa Kiswahili asiyejua ngeli si mwandishi mwenye kasoro ya mtindo tu. Ni mwandishi anayeweza kuitunga sheria asiyoikusudia.

La nne ni dogo, lakini lina funzo. Kanuni za Suber hulazimika kutaja mchezaji wa kiume na wa kike kwa viwakilishi viwili, na zile za Agora hutumia viwakilishi vilivyobuniwa ili kuepuka mzigo huo. Tatizo hilo halimgusi anayeandika kwa Kiswahili, kwa kuwa kiambishi a- hakibagui jinsia. Kila lugha, basi, ina mahali inapoeleza kwa wepesi na mahali inapokwama. Hakuna iliyozaliwa ikiwa lugha ya sheria.

5.0 Pale Kanuni Inaponyamaza

Kanuni ya 116 ni miongoni mwa zile zinazostahili kutafakariwa zaidi. Inasema, kwa ufupi, kwamba lolote lisilokatazwa wala kuwekewa utaratibu limeruhusiwa, isipokuwa jambo moja: kubadili kanuni. Hilo huruhusiwa tu pale ambapo kanuni imeliruhusu, kwa maneno ya wazi au kwa maana iliyofumbatwa ndani yake. Kwa hiyo ukimya wa kanuni una maana mbili zinazopingana. Katika mambo ya kawaida ukimya ni ruhusa; katika kubadili kanuni ukimya ni katazo. Lakini nani atasema maana gani imefumbatwa?

Swali hilo si la mchezo tu. Ibara ya 257 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaruhusu katiba kubadilishwa kwa mpango unaoanzishwa na wananchi kwa saini za wapiga kura wasiopungua milioni moja. Ibara hiyo haikutamka kwamba Rais amezuiwa kuanzisha mpango wa namna hiyo. Je, kutokuzuiwa ni kuruhusiwa? Katika shauri maarufu la mpango wa BBI, Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua tarehe 31 Machi 2022 kwamba Rais hawezi kutumia njia hiyo. Mahakama hiyo hiyo ilikataa hoja, iliyokuwa imekubaliwa na mahakama za chini yake mwaka 2021, kwamba kuna muundo wa msingi wa katiba usioweza kuguswa kwa njia za kawaida za marekebisho. Majaji wa ngazi zote tatu walisoma maandishi yale yale. Kilichowatenganisha ni namna walivyosikiliza ukimya wa maandishi hayo. Mchezaji wa Nomic asingeshangaa.

Kutokana na hayo linazuka pingamizi zito. Mwamuzi anapotamka kwamba neno fulani lina maana hii na si ile, athari ya kanuni imebadilika bila pendekezo na bila kura. Je, huko si kubadili kanuni kwa mlango wa nyuma? Jibu la makala haya ni kwamba mpaka kati ya kufasiri na kubadili haupo katika maneno yenyewe, bali unawekwa na wanaobishana. Mwamuzi akivuka mpaka, wenzake humtengua. Wakinyamaza, mpaka umesogea. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977, iliyoandikwa kwa Kiswahili, inaonyesha kwamba watungaji wake waliliona jambo hili: ibara ya 98, inayoweka utaratibu wa kuibadilisha, inaeleza pia kwamba kubadilisha ni pamoja na kurekebisha na kufuta. Ni ufafanuzi wenye busara. Hata hivyo, hata ufafanuzi huo hausemi ni lini tafsiri imekuwa nzito kiasi cha kuitwa badiliko.

6.0 Usawa wa Kura na Usawa wa Lugha

Kanuni ya 207 humpa kila mchezaji kura moja, si zaidi wala si pungufu. Huo ni usawa kamili juu ya karatasi. Lakini ichukuliwe meza ya wachezaji watano, na kanuni zimeandikwa kwa lugha ambayo wawili tu wanaijua barabara. Watatu waliobaki watapiga kura zao kwa haki yote, na bado watashindwa. Hawataona mtego katika pendekezo, hawataweza kutumia muda wa majadiliano ambao kanuni ya 111 inawahakikishia, na watakapokuwa waamuzi watalazimika kuwauliza wale wawili maana ya maneno watakayoyaamulia. Wingi wa kura uko kwao. Mamlaka hayako kwao.

Hiyo ndiyo hali iliyodumu kwa miongo mingi nchini Tanzania. Bunge lilijadili miswada kwa Kiswahili huku miswada yenyewe ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza. Mwananchi aliisikia sheria ikijadiliwa kwa lugha yake, kisha akaipokea kwa lugha asiyoweza kubishana nayo. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani, huku yakiacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale haki inapohitaji.

Wenye mashaka husema kwamba hatua hiyo iliharakishwa. Kwamba Kiswahili hakina usahihi unaotakiwa, na kwamba mahakama zitajaa mabishano ya maneno. Mashaka hayo yana chembe ya ukweli, na haifai kuyapuuza. Istilahi zisizo na mshikamano humuumiza mshtakiwa halisi, si mchezaji anayepoteza pointi 10. Neno moja likifasiriwa kwa namna mbili katika mahakama mbili, mtu mmoja ataachiwa na mwingine atafungwa. Lakini hitimisho lao halifuati. Usahihi wa Kiingereza cha sheria haukutoka katika sarufi ya Kiingereza. Ulitokana na karne nyingi za kesi ambamo mawakili walibishania maneno na majaji wakayaamua, uamuzi juu ya uamuzi. Lugha iliyozuiwa kuingia mahakamani hadi iwe sahihi imezuiwa kuingia mahali pekee ambapo usahihi huo hupatikana. Mabishano ya maneno yanayoogopwa si dalili ya kushindwa kwa Kiswahili. Ni ada ambayo kila lugha ya sheria imelipa.

Lililo muhimu ni kwamba ada hiyo isilipwe bure. Katika Nomic ya mwanzo, mwamuzi mpya hafungwi na uamuzi wa mwamuzi aliyepita. Kila ugomvi unaweza kuanza upya, na hilo huvumilika kwa kuwa mchezo ni mfupi. Agora, ambao umedumu kwa miongo mitatu, umeendelea kutunza na kurejelea maamuzi yake ya zamani, kwani bila kumbukumbu hiyo maneno yake yasingepata maana ya kudumu. Mahakama na idara za Kiswahili zinaweza kuchuma funzo hapo. Haitoshi kutoa kamusi za istilahi. Panahitajika mkusanyo wa hukumu zilizoandikwa kwa Kiswahili, uliochambuliwa kwa jicho la isimu: maneno gani yalibishaniwa, maana zipi zilishindana, mwamuzi alichagua ipi na kwa sababu gani. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na wanasheria peke yao, kwani tofauti kati ya lililokataliwa na iliyokataliwa ni tofauti ya ngeli kabla ya kuwa tofauti ya haki.

7.0 Hitimisho

Suber aliuweka mwisho wa ajabu katika kanuni ya 213. Ikiwa kanuni zimebadilishwa hata mchezo hauwezi kuendelea, au ikiwa hatua inaonekana kuwa halali na haramu kwa kiwango kile kile na mwamuzi ameshindwa kuamua, mchezaji wa kwanza asiyeweza kumaliza zamu yake ndiye mshindi. Katika mchezo, fumbo lisilofumbuliwa huleta ushindi. Katika nchi, fumbo la namna hiyo halina mshindi. Lina mtu anayesubiri hukumu.

Tofauti hiyo ndiyo inayowapa wataalamu wa Kiswahili wajibu. Mchezo wa Nomic umeonyesha kwamba sheria haina nyumba nyingine zaidi ya maneno, na kwamba maneno huimarishwa kwa kubishaniwa na watu wanaoyamiliki kwa usawa. Kuisubiri siku ambayo Kiswahili kitakuwa hakina utata ni kusubiri siku ambayo haikufika kwa lugha yoyote. Kinachotakiwa ni wachezaji wote waielewe lugha ya meza, waamuzi waandike sababu zao kwa lugha hiyo, na wanaisimu wakae karibu nao wakisoma kila kiambishi.